Alaimenti na Sasipensheni ya Gari la Michezo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayojirudia kila mtu anaponunua gari la spoti, akalishusha kidogo, kisha akashangaa kwa nini tairi jipya limekwisha upande mmoja. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi visa vya pembeni. Jibu likitegemea jingine, utaelekezwa kwa namba.

## Mambo ya msingi

1. Alaimenti ni nini, na ina tofauti gani na balansi?

Alaimenti ni kuweka sawa pembe za magurudumu: yanavyoinama, yanavyoelekea, na mhimili ambao ya mbele yanageukia. Balansi ni kusawazisha uzito wa tairi na rimu kwa vipande vidogo vya risasi au zinki.

Usukani ukianza kutetemeka kwenye mwendo wa 90 na kutulia ukipita 120, usiende kufanya alaimenti. Hiyo ni balansi, au rimu iliyopinda. Alaimenti mbovu ina dalili zake: gari linavuta upande, tairi linalika upande, au usukani umekaa mshazari ilhali gari linakwenda moja kwa moja.

2. Kemba, kasta na tou ni vitu gani?

Simama mbele ya gari ulitazame gurudumu. Likiinama, huko kuinama ndiko kemba. Kichwa cha gurudumu kikiwa kimeelekea ndani ya gari, kemba ni hasi. Kikitoka nje, ni chanya. Magari ya spoti hutaka hasi, kwa sababu gari linapolala kwenye kona, gurudumu la nje husukumwa kuelekea chanya. Ukianza na hasi, wakati wa kona tairi linakanyaga kwa uso wake wote.

Tou ni rahisi zaidi: tazama miguu yako. Vidole vikitazamana, hiyo ni tou ya ndani. Ukitembea kama bata, ni tou ya nje.

Kasta huonekana ukilitazama gari kwa ubavuni. Fikiria foki ya baiskeli ilivyolala, juu ikirudi kwa mpandaji. Mlalo huo ndio unaoufanya usukani ujirudishe katikati ukiuachia. Pia huongeza kemba hasi kwenye gurudumu la nje kila unapokata usukani, jambo ambalo kemba ya kawaida haiwezi kulifanya.

3. Nianze na vipimo gani?

Vya kiwandani. Si utani. Watu wengi wanaotafuta "seti kali" wana magari ambayo hayajawahi kukaa kwenye vipimo vya kiwandani tangu yaingie kwenye shimo la barabarani mara ya kwanza.

Ukitaka kusogea kidogo kwa ajili ya barabara ya kawaida yenye kona nzuri, kemba hasi ya digrii 1 hadi 1.5 mbele na nyuma inatosha magari mengi. Tou ya mbele iwe sifuri au karibu nayo, na ya nyuma iwe ya ndani kidogo, dakika 5 hadi 10 kwa kila gurudumu (digrii moja ina dakika 60). Kwa gari linaloingia njia ya mashindano na matairi ya barabarani yenye mpira laini, kemba ya mbele hupanda hadi hasi 2 au 3. Kasta iweke kubwa kadiri gari linavyoruhusu, mradi kushoto na kulia zilingane.

4. Tairi langu linakula upande wa ndani. Nipunguze kemba?

Pima tou kwanza. Kemba husingiziwa makosa mengi ya tou. Kemba hasi huchagua upande gani wa tairi utaliwa. Tou huamua utaliwa haraka kiasi gani.

Piga hesabu. Gurudumu lenye tou ya digrii 0.1 tu, pembe ambayo jicho haliwezi kuiona, linaburutwa kwa ubavu mita 1.75 katika kila kilomita. Kwa kilomita 10,000 umeliburuta kilomita 17 na nusu kama rula inayopaka siagi. Tou ya digrii 0.5 ni mara tano ya hapo.

Njia ya kujua bila kipimo: pitisha kiganja juu ya uso wa tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha rudi. Ukihisi ulaini ukienda na meno ya msumeno ukirudi, hiyo ni tou. Ukihisi ulaini pande zote ila mpira umepungua ndani tu, hapo ndipo kemba inapoingia kwenye orodha ya watuhumiwa.

5. Kemba hasi kubwa ina hasara gani?

Gari likienda moja kwa moja, tairi linakanyaga kwa upande wa ndani zaidi. Breki kali inakosa sehemu ya mshiko, na usukani unafuata kila mfereji wa lami. Kwa gari la kwenda kazini, hasi 3 ni mapambo ya gharama.

## Kabla ya kushika spana

6. Nikague nini kwanza?

Bushi (mipira ya maungio), boljointi (maungio ya duara), tairodi (fimbo zinazosukuma magurudumu yageuke) na beringi. Pandisha gari kwa jeki, liweke juu ya stendi, shika gurudumu kushoto na kulia ulitikise. Likicheza, shuku tairodi au raki ya usukani (chuma cha meno kinachosukuma tairodi). Shika juu na chini utikise tena. Likicheza hapo, ni beringi au boljointi. Bushi hazijitangazi hivyo. Tia chuma kirefu kati ya mkono wa sasipensheni na fremu, ubonyeze, utazame mpira kama umepasuka au umeachana na chuma chake.

Niliwahi kumaliza Jumamosi nzima nikiweka tou ya mbele vizuri hadi nikajipongeza. Kwenye breki ya kwanza gari likaruka kulia. Bushi ya nyuma ya mkono wa chini ilikuwa imekufa. Kila nikikanyaga breki, gurudumu zima lilirudi nyuma na kubadilisha tou yake lenyewe. Vipimo vyangu vilikuwa sahihi kabisa kwa gari lililosimama.

7. Kuna mpangilio wa kufuata?

Upo, na ukiuvuruga utairudia kazi. Jaza upepo wa matairi sawasawa. Weka mafuta kiasi unachotembea nacho, na uzito sawa na wako kwenye kiti cha dereva, kama unataka usahihi wa njia ya mashindano. Kisha kimo cha gari, halafu uzito wa kona (swali la 17), halafu kasta, halafu kemba, na tou mwisho kabisa.

Tou huwa mwisho kwa sababu kila ulichogusa kabla yake kinaisogeza. Na nyuma hutangulia mbele: ekseli ya nyuma ndiyo inayoamua gari linaelekea wapi, na ya mbele inapangwa kuifuata. Fundi anayeweka mbele tu na kuacha nyuma ikitazama pembeni atakurudishia gari lenye usukani mshazari.

8. Kuna ubaya gani kukaza bushi gari likiwa juu ya stendi?

Huu ndio uzembe ninaouona zaidi, na unafanywa na mafundi wazuri.

Bushi nyingi za mpira hazizunguki. Bomba la ndani hubanwa na boliti, ganda la nje limekwama kwenye mkono wa sasipensheni, na mpira ulio katikati unajikunja wakati gurudumu linapanda na kushuka. Ukikaza boliti magurudumu yakiwa yananing'inia, umeuambia mpira kwamba hapo ndipo nyumbani. Ukilishusha gari chini, kila bushi inakuwa imejikunja hata kabla hujawasha injini. Gari linakaa juu kuliko kawaida, linakuwa gumu kwenye matuta, na bushi mpya inachanika mapema.

Kwa hiyo shikiza boliti kwa mkono, shusha gari likanyage kwa uzito wake, lisukume mbele na nyuma mita chache, libonyeze kila kona mara mbili tatu, ndipo ukaze kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Bushi za duara la chuma, zile zinazozunguka kama boljointi, hazina shida hii.

## Kupima mwenyewe

9. Naweza kupima tou bila mashine?

Unaweza, na ukifanya kwa utulivu unakaribia sana mashine. Timu za mashindano bado zinatumia nyuzi hadi leo.

Tafuta sakafu tambarare. Chukua stendi nne na uzi mwembamba wa mshipi, uvute kila upande wa gari kwenye kimo cha katikati ya gurudumu. Nyuzi mbili lazima ziwe sambamba na mstari wa katikati ya gari. Usizipange kwa kufuata mwili wa gari. Pima kutoka kitovu cha gurudumu hadi uzi, kushoto na kulia, mbele na nyuma, usogeze stendi hadi kushoto ilingane na kulia kwenye kila ekseli. Mbele na nyuma zinaweza kutofautiana, kwa sababu magari mengi hayana upana sawa wa ekseli. Hatua hii ndiyo inayokula muda, kwani ukigusa mwisho mmoja wa uzi mwingine unasogea.

Uzi ukishakaa, pima kwa rula kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wa nyuma wa rimu hiyohiyo. Mbele ikiwa mbali na uzi kuliko nyuma, hiyo ni tou ya ndani.

Chini ya magurudumu unayorekebisha weka vigae viwili vilivyopakwa grisi katikati, kimoja juu ya kingine. Bila hivyo tairi linang'ang'ania sakafu na kipimo kinakudanganya.

10. Na kemba?

Pima maji au kipimo cha pembe cha kidijitali kwenye ukingo wa rimu. Ukitumia pima maji, weka pointi mbili zilizo umbali wa milimita 430 juu na chini, uone juu imeingia kiasi gani. Kila milimita 7.5 ni digrii moja.

11. Nizungushe tairodi kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyodhani. Chukua mfano wa tairodi yenye meno ya skrubu yaliyoachana milimita 1.5 na mkono wa usukani wenye urefu wa milimita 130: mzunguko mmoja kamili unabadilisha tou kwa takriban dakika 40 kwa gurudumu hilo. Robo mzunguko ni dakika 10, ambazo ni safari nzima kutoka sifuri hadi tou ya kutosha.

Zungusha kushoto na kulia sawasawa, ama sivyo usukani utakaa mshazari. Na baada ya kukaza nati ya kufungia, pima tena. Hiyo nati huzungusha tairodi nayo.

12. Mtu ananipa tou kwa milimita, mwingine kwa digrii. Nani sahihi?

Wote, ila uliza milimita imepimwa wapi na ni ya gurudumu moja au mawili. Milimita 1 kwenye rimu ya inchi 17 ni kama dakika 8. Milimita hiyohiyo ikipimwa kwenye uso wa tairi lenye kipenyo cha milimita 640 ni kama dakika 5 na nusu. Mimi nimewahi kuweka mara mbili ya tou iliyotakiwa kwa sababu namba niliyopewa ilikuwa jumla ya magurudumu mawili, nami nikaiweka kwa kila moja. Matairi ndiyo yaliyonifahamisha.

## Springi, shokapu na stebilaiza

13. Nikilishusha gari, lazima nifanye alaimenti?

Lazima. Ukishusha hata milimita 20, kemba na tou zote zinasogea. Kuna tatizo jingine ambalo alaimenti hailitibu: kwenye sasipensheni ya MacPherson, ile yenye shokapu na springi zilizosimama pamoja kama nguzo, ukishusha sana mkono wa chini unaanza kuelekea juu. Hapo kila gari linapolala kwenye kona, gurudumu linakosa kemba badala ya kuiongeza, na mwili unalala zaidi ingawa gari lipo chini. Mkono ukishakuwa sambamba na ardhi, mimi naishia hapo.

Sasipensheni ya mikono miwili, kama ya Mazda MX-5, inastahimili kushushwa vizuri zaidi.

14. Springi ngumu zaidi ni bora?

Hadi gurudumu linapoacha kugusa barabara. Halafu namba iliyoandikwa kwenye springi siyo inayofika kwenye gurudumu. Springi ikikaa karibu na mwili wa gari, gurudumu linapopanda milimita 10 yenyewe hubonyea labda 7. Uwiano huo wa 0.7 unazidishwa kwa wenyewe: 0.49. Springi ya niutoni 60 kwa milimita inafika kwenye gurudumu ikiwa niutoni 29 hivi. Ndiyo sababu kunakili springi za gari la aina nyingine hakuna maana.

15. Shokapu zangu zina vitufe vya kurekebisha. Nivipange vipi?

Funga hadi mwisho bila kulazimisha, kisha hesabu mibofyo ukifungua. Andika. Anza katikati pande zote, badili mibofyo miwili kwa mara, ekseli moja kwa mara.

Kitufe cha kurudi kinadhibiti springi inapofyatuka, na kile cha kubonyea kinadhibiti gurudumu linapopanda. Gari likiendelea kudunda baada ya tuta, ongeza kurudi. Likizama chini hatua kwa hatua kwenye mfululizo wa matuta na kuwa gumu, umezidisha kurudi: shokapu haiwahi kunyooka kabla ya tuta linalofuata. Shokapu hazibadilishi kiasi ambacho gari litalala kwenye kona ndefu. Hubadilisha litafika hapo haraka kiasi gani.

16. Pua inasukuma nje kwenye kona. Nibadili nini?

Uliza kwanza ni wapi. Ikisukuma wakati wa kuingia tu, huenda ni mguu wako uliotoka kwenye breki mapema. Ikisukuma katikati ya kona ndefu, hapo ni kazi ya kipimo: ongeza kemba hasi mbele, au legeza stebilaiza ya mbele (chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana), au kaza ya nyuma. Mkia ukifyatuka, kinyume chake.

Stebilaiza ina nguvu kuliko inavyoonekana. Ugumu wa chuma kisicho na tundu hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo: kutoka milimita 22 hadi 24, ugumu unapanda kwa asilimia 42 hivi.

Kitu kimoja usijaribu barabarani: tou ya nje kwenye magurudumu ya nyuma. Gari linakata kona kwa furaha, na siku ya mvua linageuka kutazama lilikotoka.

## Njia ya mashindano

17. Uzito wa kona ni nini?

Ni uzito ambao kila gurudumu limebeba, unaopimwa kwa mizani nne. Tuseme mbele kushoto kilo 340, mbele kulia 300, nyuma kushoto 290, nyuma kulia 330. Jumla 1,260. Mshazari wa mbele kushoto na nyuma kulia una 670, yaani asilimia 53. Gari hilo litakata kona za kushoto na za kulia kama magari mawili tofauti. Lengo ni 50.

Ukipandisha kona moja kwa kuzungusha kiti cha springi, kona hiyo na iliyo mshazari nayo zinaongezeka uzito. Fungua linki za stebilaiza kabla ya kupima, kisha zifunge zikiwa hazivutani. Gari lisilo na springi za kurekebishwa haliwezi kufanyiwa hili, na la barabarani halilihitaji sana.

18. Nitajuaje kemba inatosha?

Joto la tairi. Baada ya mizunguko kadhaa ya nguvu, ingia moja kwa moja bila kupoza, uchome sindano ya kipimajoto ndani ya mpira sehemu tatu: ndani, katikati, nje. Ndani ikizidi nje kwa nyuzi 5 hadi 10, naridhika. Nje ikiwa na moto zaidi, ongeza kemba hasi. Katikati ikizidi pande zote mbili, punguza upepo.

Kipimajoto cha mwanga husoma uso tu, nao hupoa kabla hujafungua mlango. Kumbuka pia upepo hupanda karibu baa 0.1 kwa kila nyuzi 10 za joto, kwa hiyo unaoutafuta ni upepo wa tairi la moto.

## Visa vya pembeni

19. Mashine inasema kila kitu sawa, lakini gari bado linavuta.

Badilishana matairi ya mbele, kushoto kwenda kulia, mradi si ya mwelekeo mmoja. Mvuto ukihama, ni tairi. Usipohama, gusa rimu baada ya kuendesha bila kukanyaga breki sana: ya moto kuliko mwenzake ina breki inayobana. Jaribu pia upande wa pili wa barabara, kwani lami nyingi zina mgongo na gari huteremka nao. Ikishindikana, rudi kwenye kasta: gari huvutia upande wenye kasta ndogo.

20. Baada ya alaimenti taa ya kuzuia utelezi imewaka. Nimeharibu nini?

Yaelekea hujaharibu kitu. Kompyuta inajua usukani ulipo kupitia sensa ya pembe, na sasa "moja kwa moja" imehama. Sensa inasetiwa upya kwa kifaa cha uchunguzi. Gari lenye kamera ya mstari wa barabara au rada huenda likahitaji kusetiwa navyo pia.

21. Gari langu halina sehemu ya kurekebisha kemba.

La kawaida hilo, hasa kwenye MacPherson. Kuna boliti zenye kitovu cha pembeni zinazokaa chini ya shokapu na kutoa digrii moja na zaidi kidogo, na kuna sahani za juu ya shokapu zinazotoa zaidi. Boliti hizo ni nyembamba kuliko za asili, kwa hiyo toki iliyoandikwa ifuatwe, na weka alama ya rangi uone kama zimesogea.

22. Gari linajigeuza lenyewe kwenye matuta ilhali tou ni sawa.

Tou ni sawa likiwa limesimama. Tairodi na mkono wa chini zikiwa hazichori tao moja, gurudumu linapopanda tou inabadilika. Mara nyingi ni zawadi ya kushusha gari. Wakati mwingine ni ubunifu wa kiwanda: Honda S2000 za mwanzo zilikuwa na tou ya nyuma inayobadilika sana gurudumu likipanda, na Honda wakaipunguza katika toleo la 2004. Tiba ni kurudisha kimo au kubadili kimo cha mwisho wa tairodi. Kukaza tou zaidi hakusaidii.

23. Naweza kuwa na seti mbili, ya barabarani na ya njia ya mashindano?

Ndiyo, kama una sahani za kemba juu ya shokapu. Weka kemba ya barabarani, pima tou, chora alama. Sogeza hadi kemba ya mashindano, pima tou tena, chora alama ya pili, na uandike tairodi inatakiwa kuzungushwa kiasi gani kati ya hizo mbili na upande upi. Mwelekeo wa tou unategemea kama raki ipo mbele au nyuma ya ekseli, kwa hiyo usichukue wa rafiki yako. Ukishayaandika, kubadili ni kazi ya dakika 20 kwa spana mbili, na alama zangu mimi nimezipaka rangi ya kucha kwa sababu ya kalamu ya wino ilifutika kwenye mvua ya kwanza.